Kiwanja cha Kupumzikia na Kiwanja cha Akiba

Mazungumzo ya kamati ya viwanja mbele ya wanachama na wageni, siku kikundi kilipotimiza miaka kumi

Wapo wenzetu tulioanza nao ambao leo hawapo. Tuwakumbuke.

Kamati ya viwanja imepewa nafasi ya kusema mbele yenu, na tutasema bila kuzungukazunguka. Mnajua wote kwamba jambo la kununua kiwanja limetugawa. Wapo wanaotaka kikundi kiwe na mahali pake pa kupumzikia, penye kivuli, pa kufanyia vikao, shughuli za watoto na hata ngoma zetu, badala ya kukodi ukumbi kila mara. Wapo wanaosema kupumzika ni mambo ya matajiri. Fedha zetu zinunue kiwanja cha kuuza baadaye kikipanda bei. Na wapo, tusifichane, waliosema kwamba kama kamati haiwezi kununua hata kile kiwanja tulicholetewa kwa bei ya kutupwa, basi wagawiwe hisa zao waondoke.

Miaka kumi ya kukaa mkeka mmoja isivunjwe na kipande cha ardhi. Kwa hiyo leo tunataka tueleze tuliyoyajua, hatua kwa hatua, kisha ninyi wenyewe muamue. Kikundi ni chenu.

Tunanunua nini hasa?

Tuanze na neno lenyewe. Tunaposema "tumenunua ardhi", tunasema kwa mazoea. Katika nchi yetu ardhi yote ni ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Ndivyo inavyosema Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, na pacha wake Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka huohuo, zilizoanza kutumika Mei 2001. Tunachonunua ni haki ya kuitumia ardhi ile, kwa muda ulioandikwa, usiozidi miaka 99 kwa hati za mjini, na kwa matumizi yaliyoandikwa. Kiwanja kikipangwa kuwa cha makazi, ni cha makazi. Kikipangwa kuwa cha biashara, ni cha biashara. Ukitaka kubadili, unaomba kubadilishiwa matumizi, na kuna utaratibu wake.

Kwa hiyo swali la kwanza si "bei gani?" Swali la kwanza ni "ardhi hii imepangwiwa kazi gani?" Jamani, hapo ndipo watu wengi wanapoangukia. Mtu anaona nyasi nzuri, upepo mzuri, jirani hana neno, anatoa fedha. Kumbe pale pamepangwa shule. Kumbe ni hifadhi ya barabara. Kumbe ni njia ya maji.

Majibu ya swali hilo hayako kwa dalali, wala hayako kwa jirani. Yako katika mchoro wa mipango miji na ramani ya upimaji, ambavyo viko ofisi ya ardhi. Kama eneo limepimwa, lina namba ya kitalu na namba ya kiwanja, na bikoni zake ziko ardhini. Ukiwa na namba hizo unaomba upekuzi kwa Msajili wa Hati, unalipa ada, unapata karatasi inayosema nani mmiliki na kama kiwanja kina rehani au zuio. Karatasi hiyo ni rahisi kuliko wakili wa kesi.

Na ule muhuri wa serikali ya mtaa? Tunauheshimu, viongozi wetu wa mtaa wako hapa nasi leo. Lakini muhuri ule unathibitisha kwamba watu wawili waliuziana. Hauthibitishi kwamba aliyeuza alikuwa na haki ya kuuza.

Kiwanja tulicholetewa

Sasa tuje kwenye kile kiwanja. Tunajua mnangoja.

Dalali alituletea habari ya kiwanja cha kona, karibu na barabara, kikubwa, na bei yake karibu nusu ya bei ya viwanja vya jirani. Alikuwa na barua, alikuwa na muhuri, alikuwa na haraka. "Mama zangu, kuna mtu wa mjini anakuja Jumamosi na fedha mkononi." Tukaenda kupaona. Ni pale watoto wetu wanapochezea mpira jioni. Ni pale tulipokaa msiba wa mwenzetu mmoja kwa sababu nyumbani kwake hapakutosha.

Wajumbe wawili wakaenda ofisi ya ardhi kuuliza mchoro. Pale penye kona mchoro unasema: eneo la wazi. Halina namba ya kiwanja cha mtu, kwa sababu halikupangwa kuwa la mtu. Tulipomrudia dalali hakukataa. Alisema, "Kila mtu anajua hivyo, mama. Lakini upande ule mbona wameshajenga?"

Ndugu zetu, tulikataa hapo hapo. Na maneno mliyotuambia baada ya hapo tuliyasikia: "Tusiponunua sisi atanunua mwingine. Kwa nini tujinyime?" Ni maneno mazito, na yanastahili majibu.

Jibu la kwanza ni la mfuko. Aliyejenga eneo la wazi hana hati, na hawezi kupewa hati halali kwa ajili ya lile eneo. Hawezi kulipeleka benki. Siku Serikali ikija kubomoa, mkataba wake na dalali hauwezi kumsaidia. Mnakumbuka Desemba 2015, nyumba za bonde la Mto Msimbazi zilivyobomolewa. Mnakumbuka mwaka 2017, nyumba zilizokuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara kuelekea Kibaha. Wengi wa wale hawakuwa wezi. Walikuwa watu kama sisi, waliotoa akiba ya miaka. Tuchukue mfano wa vikundi vingi: wanawake 30, kila mmoja anaweka shilingi 10,000 kwa wiki, kwa wiki 40. Hizo ni shilingi 12,000,000. Ni maandazi mangapi hayo? Ni ndoo ngapi za maji ya kuuza? Tingatinga halihesabu.

Jibu la pili ni la moyo. Kama tungenunua pale, fedha zetu zingekuwa zimenunua uwanja wa watoto wetu wenyewe. Tungeweka ukuta, tungeweka geti, tungeandika jina la kikundi. Na jioni watoto wangesimama nje ya geti la mama zao. Kupumzika huko sisi hatukuweza kukupigia kura.

Wapo waliosema kwamba kupigania nyasi ni kazi ya wasomi. Tuangalie basi kwa majirani zetu wa Kenya. Mwaka 1989 palitangazwa jengo la ghorofa 60 kujengwa ndani ya bustani ya Uhuru Park, Nairobi. Profesa Wangari Maathai, ambaye chama chake cha kupanda miti kilikuwa cha akina mama wa vijijini, alipinga kwa barua na kwa maneno. Alitukanwa, lakini jengo halikujengwa. Mwaka 1999 alirudi tena kupinga kugawiwa kwa Msitu wa Karura, akapigwa hadi akaumizwa kichwani. Leo watu wa Nairobi wanatembea na watoto wao katika msitu ule. Mwaka 2004 alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Nguvu aliyoianzia ilikuwa vikundi vya wanawake wenye miche ya miti.

Hata hapa kwetu, anayepita Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, jua likiwa kali, akaketi chini ya mti, anapumzika katika ardhi ambayo haikununuliwa na mtu. Anayekwenda Forodhani, Unguja, kula urojo na mishikaki jioni, vivyo hivyo. Mapumziko ya aina hii tunayo tayari, ni ya wote, na kazi yetu ni kuyalinda.

Kiwanja cha akiba

Je, kwa hiyo tusinunue? La. Tununue, lakini tununue cha kununuliwa. Hapa tuna mambo manne ya kuwaambia.

La kwanza ni kipimo. Huko Mkuranga, Kisarawe na Bagamoyo bado watu wanauziana kwa hatua: ishirini kwa ishirini. Hatua za nani? Mita 20 kwa 20 ni mita za mraba 400. Mtu mwenye hatua ya sentimita 75 akitembea hatua 20 anapata mita 15, na 15 kwa 15 ni mita za mraba 225 tu. Karibu nusu ya kiwanja imebaki miguuni mwa dalali. Tubebe futi kamba yetu wenyewe. Na kama ni shamba la kijiji, halmashauri ya kijiji lazima iridhie, na uamuzi uandikwe katika muhtasari wa kikao. Kukubaliana chini ya mwembe na mwenye shamba peke yake hakutoshi.

La pili ni maji. Wengi wetu tunatamani kiwanja cha ufukweni, tukae tuangalie mashua. Tamaa nzuri. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za bahari, ziwa au mto. Mtu akiuziwa kiwanja cha mita 40 kinachogusa mchanga wa bahari, amenunua mandhari. Kujenga, hapana. Mwenye kutaka bahari aende ufukweni na kikapu chake cha chakula, akae, arudi nyumbani. Ni rahisi zaidi.

La tatu ni muda. Wanaosema "tununue tukiache kipande bei" wasikilize hapa. Hati za makazi mjini kwa kawaida zina sharti la kuendeleza, na mara nyingi ni ndani ya miezi 36. Vilevile kuna kodi ya pango la ardhi ya kila mwaka. Kiwanja kinacholala bila kodi na bila kazi kinamletea mwenyewe ilani, na mwisho wake haki inaweza kufutwa. Mbali na sheria, kiwanja kisicho na mtu kina wageni wake: mchanga unachimbwa, takataka zinamwagwa, bikoni zinang'olewa, na siku moja unakuta msingi wa nyumba ya mtu usiyemjua.

Na hiyo bei nayo haipandi kwa sababu sisi tunasubiri. Inapanda au inakwama kwa mambo yaliyo nje ya mikono yetu. Mwaka 2008 Serikali ilitangaza mpango wa mji mpya Kigamboni, na watu wakaambiwa wasiendeleze maeneo yao. Muda ukawa mrefu. Daraja lilipofunguliwa mwaka 2016, mambo yakachukua sura nyingine. Bagamoyo watu walikimbilia viwanja kwa habari ya bandari baada ya mkataba wa mwaka 2013, halafu mwaka 2019 mazungumzo yale yakasimama. Aliyenunua kwa fedha zake za ziada alisubiri. Aliyenunua kwa ada ya shule ya mtoto, alifanyaje? Hatuwezi kuweka akiba ya wajane na ya wauza mboga juu ya uvumi.

La nne, na ndilo kubwa kwetu wanawake, ni jina. Kiwanja kitaandikwa jina la nani? Tusikubali kabisa kuandika jina la mwenyekiti "kwa niaba". Mwenyekiti wetu tunampenda, lakini Mungu akimchukua kesho, kiwanja kitakuwa katika mirathi yake, na sisi tutasimama uani kwake tukiwa na madaftari ya hisa. Kikundi kiandikishwe kisheria kwa namna inayokiruhusu kumiliki mali, iwe kwa wadhamini walioandikishwa au kwa ushirika. Ama, kama ni wachache wanaonunua pamoja, hati ioneshe kila mmoja na sehemu yake, ili akifariki sehemu ile iende kwa warithi wake.

Haki hii ya jina haikuja yenyewe. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilisema mwanamke aliyeolewa ana haki ya kumiliki mali kama mwanamume. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi. Hawa Mohamed na Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Mwaka 1990 Mahakama Kuu kule Mwanza, Jaji Mwalusanya, ilimpa haki Bi. Holaria Pastory, aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake na jamaa wa ukoo akasema mwanamke hana ruhusa ya kuuza. Na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ikaandika wazi kwamba haki ya mwanamke kupata, kumiliki na kutumia ardhi ni sawa na ya mwanamume. Wanawake waliosimama mahakamani walisimama ili majina yetu yaandikwe. Sasa tuje tuyaache wenyewe kwa uvivu wa kwenda ofisini? Hapana, jamani.

Tunachopendekeza

Ndugu Mwenyekiti, baada ya kuyaona yote hayo, kamati inaleta mapendekezo matatu.

Moja, kikundi kinunue kiwanja kimoja kidogo katika eneo lililopimwa, chenye namba na chenye upekuzi safi, mahali ambapo mwanachama anaweza kufika kwa daladala na kurudi siku hiyohiyo. Kiwe kile ambacho matumizi yake yanaturuhusu kufanya shughuli tunayoitaka, iwe banda la kukodisha, iwe vyumba vya kupangisha. Tusitumie fedha zote kununua. Katika kila shilingi nne, tatu zinunue na moja ibaki kwa ajili ya ada, uhamisho, uzio na choo. Kiwanja kisichobakiza fedha ya choo hakiwezi kukalika.

Mbili, mkataba usisainiwe mpaka karatasi ya upekuzi isomwe kwa sauti katika mkutano wa wanachama wote, na wajumbe wasiopungua watano wawe wamekanyaga kiwanja chenyewe. Muuzaji akiwa na ndoa, mwenza wake aridhie kwa maandishi. Kodi na ushuru viandikwe ndani ya mkataba, nani analipa kipi. Atakayetuambia tufanye haraka, huyo tumuage kwa heshima.

Tatu, tuandike barua kwa serikali ya mtaa na nakala kwa manispaa, tuombe ruhusa ya kupanda miti na kuweka viti katika lile eneo la wazi la kona. Miche tunaweza. Majembe tunayo. Zamu ya kumwagilia tutapanga kama tunavyopanga zamu ya chai. Hatutaweka ukuta wala geti. Tukifanya hivyo tutakuwa na mahali pa kupumzikia bila kununua, na dalali mwingine akija na muhuri wake atakuta wanawake thelathini chini ya kivuli, wakimuuliza anatafuta nini.

Kwa wenzetu mliosema mtaondoka: mlikuwa na haki ya kuuliza, na hisa zenu ni zenu, kitabu kiko wazi. Tunawaomba tu msiondoke kwa sababu ya kiwanja ambacho hakikuwa cha kuuzwa. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kibaba chetu kimejaa kwa miaka kumi. Kilichobaki ni kuangalia tunakimimina wapi.

Ndugu Mwenyekiti, tunaomba mapendekezo haya yapigiwe kura katika mkutano wa mwezi ujao.